Siku Niliyokufa Nimesimama

Kila nikinusa kitambaa kipya kinachopigwa pasi, narudi kwenye fleti yetu ya Euless, ughaibuni, ndege zikinguruma juu ya paa na Mama kainamia cherehani. Nilikuwa na miaka kumi, na domo langu, wacha tu.

Mwaka ule mwalimu alinichagua niigize, katika mchezo wa shule, shujaa mmoja wa kike wa Kolombia, zama walipokuwa wakipigania uhuru kutoka kwa Wahispania. Alikuwa mshonaji. Alikuwa akiingia majumba ya wakubwa kuwashonea wake zao, masikio kayatega, na kila alichosikia akiwapelekea wapiganaji. Mwishowe alikamatwa, akapigwa risasi. Basi nami nikaanza mazoezi sebuleni: nikajitupa kwenye zulia, nikajifunika kanga gubigubi, kimya.

Mama alitoka jikoni akapiga ukelele. "Khaa! Inuka hapo! Uchuro gani huu unaniletea nyumbani? Mchezo huo huchezi!"

Nyie, nililia! Kwetu Zanzibar, akasema, mtu hajifanyi maiti. Ni kujiitia msiba. Mimi niliona ananionea tu. Nikagoma kula hata biriani, Baba akadhani nina homa.

Kesho yake Mama akaniuliza, "Huyo mwanamke, walipomkamata, aliwataja wenzake?"

"Hata mmoja, Mama. Wakamwambia awape mgongo, akakataa. Akawageukia, akawatazama usoni."

Akachukua futi yake ya kupimia. "Haya, njoo nikupime sketi. Lakini chini hulali. Utakufa umesimama, na mwalimu wako nitamwambia mwenyewe."

Mwalimu alikubali. Siku ya mchezo ngoma ililia badala ya bunduki, taa zikazimwa. Zilipowashwa ningali wima, na sauti ya Mama ikapasua ukumbi: "Alhamdulillahi!" Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Miezi michache baadaye akazaliwa mdogo wangu, mzima, mnono, mlizi kweli kweli. Mimi sikuunganisha chochote. Nilipobeba mimba yangu ya kwanza, huku Pearland ninakoishi sasa, ndipo Mama aliponieleza: siku ile ya kanga alikuwa na huyo mdogo wangu tumboni, hajamwambia mtu ila Baba, maana kabla yake alishazika wachanga wawili. Aliniona nimelala pale, akamwona wa tatu. Na bado alinishonea sketi. Nilimshika mkono nikashukuru, wallahi nikashukuru, kwamba jioni ile ya mchezo nilisimama.