Barua Iliyokatika Kabla ya Salamu

Nilipoajiriwa katika ofisi ya rekodi ya hospitali moja ya misheni mjini Kakamega, nilikuwa na cheti cha chuo cha ufundi cha Sigalagala, chumba cha kupanga mtaa wa Amalemba, na imani kubwa mno katika akili zangu. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, na pale hospitalini mimi peke yangu ndiye niliyejua kuandika programu. Watu waliniheshimu kwa kazi ambayo hakuna aliyeweza kuikagua. Hilo liliniharibu kidogo.

Hospitali ilikuwa na zahanati ndogo Khayega, chini ya muuguzi mmoja wa makamo ambaye sote tulimwita Sista. Wagonjwa wa kifua kikuu walipimwa kwetu na kuchukua dawa kwake. Daktari aliandika maagizo kwenye kompyuta, nami nikayatia kwenye disketi, ikapelekwa na mtu wa boda boda kwa baiskeli pamoja na pamba na sindano. Siku moja disketi ilisahaulika katika duka moja la sokoni lenye kompyuta ya kuchapia watu barua. Mtu akaifungua, akasoma majina ya wagonjwa. Jumapili iliyofuata, mama mmoja alikaa kanisani peke yake kwenye benchi nzima.

Daktari aliniita. "Hizi barua zifungwe," alisema. "Hata disketi ikianguka barabarani, anayeiokota asielewe kitu."

Nilikuwa na njia. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma ng'ambo alikuwa amenitumia kwa posta CD yenye maktaba ya programu, mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa, za kugeuza maandishi kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo wa siri. Maktaba hiyo iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, iliyo karibu sana na mashine yenyewe. Programu yetu ya barua nilikuwa nimeiandika kwa lugha ya skripti, nyepesi na yenye subira. Lugha hizo mbili hazikuelewana moja kwa moja. Kwa hiyo nikaandika fanksheni ndogo ndogo, yaani vipande vya programu, za kukaa katikati ya lugha hizo: moja ya kufunga barua, moja ya kuifungua, na moja ya kutengeneza ufunguo. Daktari angebonyeza kitufe kimoja tu, bila kujua kilichokuwa kikiendelea chini yake.

Nilizijaribu kwa maneno yaliyonijia: habari ya asubuhi, mvua imenyesha, leta chai. Yote yalifungwa na kufunguka salama. Nikampelekea Sista programu na ufunguo wake, nikamwonyesha namna ya kuutumia kwenye kompyuta ya zahanati, nikarudi mjini nimefurahi. Barua mbili za kwanza, za mstari mmoja mmoja, zilifika vizuri.

Asubuhi ya Ijumaa Sista mwenyewe alitokea mlangoni mwa ofisi yangu, viatu vimejaa matope, daftari la shule mkononi. Hakuketi.

"Mukhana," alisema, kama alivyowaita wasichana wote wa umri wangu, "daktari amenikasirikia?"

"Hapana, Mama. Kwa nini?"

"Barua ya jana haina salamu. Yule mtu hamalizangi barua bila kuniuliza ng'ombe wangu anaendeleaje. Hata siku ile alikuwa na malaria, aliuliza."

Alifungua daftari alimokuwa ameinakili barua ile kwa mkono. Ilitaja namba ya mgonjwa, ikaeleza matokeo ya makohozi, ikaishia hivi: "Aendelee na dawa zote kama nilivyoandika mwezi uliopita." Ilikuwa sentensi kamili, na nukta yake mwishoni. Mtu yeyote angeisoma na kutosheka.

"Mgonjwa alikuja leo asubuhi kuchukua dawa," Sista akasema. "Nikamwambia ngoja kwanza. Amekaa kwa benchi ananingoja."

Nilifungua barua ya asili kwenye kompyuta ya daktari. Ilikuwa ndefu zaidi. Baada ya ile nukta iliendelea: "Lakini vile vidonge vinavyoweza kudhuru macho asipewe tena hadi nimwone, kwa sababu amelalamika haoni vizuri." Kisha chini, mstari wa peke yake, swali kuhusu ng'ombe.

Sista aliisoma juu ya bega langu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ingine ilienda wapi?"

Alinakili maneno yaliyokosekana, akapanda baiskeli iliyokuwa ikimngoja nje, akaenda. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Niliizima ile programu, nikamwomba daktari aandike kwa kalamu na kufunga bahasha kwa gundi mpaka nimwambie. Kisha nikazisoma fanksheni zangu mstari kwa mstari, na ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimeliona kosa. Kila kipande cha maandishi ndani ya mashine ni namba. Katika C, kwa desturi, maandishi huhesabiwa kuwa yamekwisha panapotokea namba sifuri. Kwa barua ya kawaida desturi hiyo haina madhara, maana hakuna herufi yenye namba hiyo. Lakini barua iliyogeuzwa fumbo inaweza kuwa na namba yoyote, hata sifuri, popote. Maktaba ilikuwa inanirudishia fumbo pamoja na urefu wake. Mimi niliuona urefu huo kuwa mzigo, nikauacha. Fanksheni yangu ilipokutana na sifuri ya kwanza ilisimama pale, kwa bahati mbaya mwishoni mwa sentensi, ikatupa yaliyobaki. Maneno yangu ya majaribio yalikuwa mafupi mno kukutana nayo.

Maktaba haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa katika mistari kumi na kitu niliyoiandika mwenyewe na kujisifu nayo.

Niliirekebisha, urefu ukabebwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaongeza kwamba kila barua itangulizwe na hesabu ya herufi zake, na ikipungua hata moja, ikatae kufunguka na iseme hivyo waziwazi. Nikajaribu barua ndefu, za kurasa nzima, kwa siku tatu. Ndipo nikamweleza daktari yote. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Umemwambia Sista?"

Nilienda Khayega siku hiyohiyo. Sista alikuwa akigawa dawa, wagonjwa saba au wanane wamejipanga kwenye benchi ya nje. Nilimwomba msamaha pale chumbani kwake, nikamweleza habari ya sifuri. Alinisikiliza huku akihesabu vidonge.

"Umetengeneza?"

"Nimetengeneza, Mama."

"Basi. Keti nikupatie obusuma, hujala."

Wakati wa kula ugali ule nilimwuliza mgonjwa yule alikuwa yupi, na macho yake yanaendeleaje. Nilitaka kumwona, sijui kwa nini; labda nilitaka kumwomba radhi pia.

"Macho yanarudi," Sista akajibu. "Ni nani, hiyo si yako kujua. Si ndiyo kazi ulitufanyia?"

Nilipotoka, wale wa kwenye benchi walinisalimu mmoja baada ya mwingine, nami nikawapa mkono wote.