Maisha ya Daktari Aliyelegeza Uzi

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili, kitinda mimba wa watoto watatu, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali kubwa. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba na mama yake alifua mashuka ya wodini. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, uvimbe ulimwota mama yake kwenye titi. Ukakatwa, kidonda kikafunga vizuri mno, nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Mwaka haukuisha, saratani ikachipuka tena pembeni kabisa ya kovu, na safari hiyo ikamwondoa. Msichana alimkimbilia daktari kwenye ngazi akamwuliza, "Kwa nini imerudi palepale kisu kilipopita?" Daktari akamjibu, "Mwanangu, ni bahati mbaya." Jibu hilo halikumwingia. Wito wake ulianzia kwenye ngazi hizo, na hakuna malaika aliyeshuka. Ni swali tu lililokataa kunyamaza.

Alisoma kwa taabu, akawa bingwa wa kupasua saratani, na hakuolewa. Asubuhi alisali katika kikanisa cha hospitali, mchana akapasua, jioni akaingia maabara. Watu walimwita Daktari Uzi, maana mishono yake ilikuwa imekazwa sawasawa na kovu aliloacha lilionekana kama mstari wa penseli. Wanafunzi walisukumana kuuangalia mkono wake ukifanya kazi. Naye alijivunia, tusifiche. Watakatifu hawaletwi duniani wakiwa wamekwisha kuoshwa. Huko maabara alifuata wazo moja: mwili ukijeruhiwa hupiga mbiu, na seli za kuziba kidonda huja mbio kujenga. Alishuku kwamba seli za saratani zilizobaki nazo huisikia mbiu hiyohiyo, zikaamka na kuenea.

Kwa jaribio moja panya wengi walitolewa uvimbe wa saratani; nusu yao aliwashona yeye, na nusu nyingine akamwachia msaidizi wa maabara, aliyeitwa Gunia kwa sababu mishono yake ilipishana na kulegea kama ya mdomo wa gunia la mkaa. Wiki zilipopita wakafungua mapafu ya panya. Ya panya wa Daktari Uzi yalijaa saratani. Ya panya wa Gunia, mengi yalikuwa safi!

"Umechanganya vizimba," Daktari akasema.

"Bosi, wangu siwezi kuwapoteza. Ndio wenye makovu ya aibu."

Wakarudia, ikawa vilevile. Wakarudia tena, vilevile. Ndipo alipoweka kipande cha nyama chini ya hadubini akaona: uzi uliokazwa sana uliibana nyama ikakosa damu, ikafa kidogo kidogo, na nyama inayokufa haikuacha kupiga mbiu. Alitoka mbio koridoni, kiatu kimoja mguuni, akipaza sauti, "Ni mkono wangu! Gunia, ni mkono wangu!" Wagonjwa wakadhani ameumwa na nyigu. Alicheka mpaka mlangoni mwa kikanisa, na humo ndani akalia, akiwakumbuka wanawake wote aliowashona vizuri.

Kabla hajapata nafasi ya kuthibitisha kwa binadamu, dada yake mkubwa, msusi mwenye ulimi mkali, alikutwa na uvimbe uleule wa mama yao. Alitaka mshono maarufu. Daktari alimweleza yote, pamoja na kwamba huenda anakosea na kwamba kidonda kilicholegezwa kinaweza kufumuka.

"Kwa hiyo wenzangu uliwashona kama hariri, mimi unifunge kama gunia?"

"Kama gunia, dada."

"Haya, funga. Lakini nikifa nitakuja kukubana mimi."

Hospitali haikuruhusu daktari kumpasua ndugu yake, hivyo mkuu wa upasuaji ndiye aliyeutoa uvimbe. Ilipofika zamu ya kufunga, akaiweka sindano chini, akamgeukia Daktari aliyesimama kando. "Mimi jina langu halikai kwenye kovu la namna hiyo. Funga mwenyewe." Akafunga. Siku chache baadaye kidonda kilifumuka upande mmoja, kikatunga usaha, homa ikapanda. Kaka yao alisimama miguuni pa kitanda akasema mbele ya wauguzi, "Umemfanya dada yetu panya." Daktari alikiosha kidonda kwa mikono yake kila asubuhi na jioni, akisali bila kutoa sauti. Mgonjwa ndiye aliyejibu: "Kaka, punguza kelele. Niliulizwa nikakubali, na akili ninazo." Homa ikashuka. Kidonda kikafunga polepole, kibaya cha kutisha. Miaka ikapita, saratani haikurudi.

Wengine wangetangaza muujiza. Yeye alisema mtu mmoja si ushahidi, akasimama mbele ya mkutano wa madaktari kuomba hospitali nyingi zijaribu pamoja. Akaonyesha picha za wagonjwa wake mwenyewe: makovu mazuri, na saratani iliyorudi kando yake. Mkuu wa upasuaji akainuka. "Daktari, unajichafua mbele za watu!" Akamjibu, "Nichafuke mimi, wapone wao." Kisha mkono mmoja ukanyooka kukubali, na mwingine, na mwingine. Matokeo yalipokuja, kati ya waliolegezewa uzi, waliorudiwa na saratani walikuwa wachache zaidi. Mkuu wa upasuaji mwenyewe alikuja kujifunza kushona vibaya, na Gunia akawa mwalimu wake!

Alifariki akiwa mzee, kwa ugonjwa mfupi, katika wodi aliyoitumikia. Wapo wanaosimulia kwamba vidonda sugu vilifunga walipomwomba awaombee. Kanisa litapima hayo kwa wakati wake. Sisi tunao wanawake waliojaza viti vya mazishi, na dada yake, ajuza sasa, aliyesema kaburini, "Mdogo wangu aliniachia kovu baya na uhai mrefu."

Basi wewe unayetaka kumwiga, usianze na makosa ya jirani, wala na yale yako ambayo kila mtu anayajua. Chukua ile kazi unayosifiwa kuliko zote, uichunguze hiyo. Ukikuta inaumiza watu, sema. Mwombe Daktari Uzi akusaidie kupata ujasiri huo. Yeye anajua jinsi kusema hivyo kunavyouma.