Asizoee Mikono

Shangazi yangu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha vichanga, kituo cha kulelea watoto yatima, na sifa yake ilikuwa moja: chumbani kwake hakuna kelele. Vitanda ishirini na vinne, walezi wawili, kimya kama chumba cha mtihani. Wageni walimbatiza jina, Mama Kimya, wakamuuliza anatumia dawa gani.

Dawa ilikuwa taulo. Unalikunja, unaliweka kando ya shavu la mtoto, unaegemeza chupa ya maziwa juu yake, unakwenda kwa mwingine. Mtoto ananyonya akitazama dari. Akilia, hanyanyuliwi.

"Ukimbeba mmoja, ishirini na watatu nao watataka," aliwafokea walezi wapya. "Asizoee mikono!"

Na kweli, baada ya wiki kadhaa watoto walikuwa wanaacha kulia. Walikata tamaa wakiwa na miezi minne. Wengine tulisubiri mpaka chuo.

Alipostaafu, nyumba yake nayo ikawa kimya, na kimya hicho hakukipenda. Hakujaliwa kuzaa. Akaomba apewe binti wa miaka minne ambaye alimpokea kituoni akiwa na siku tisa. Akapewa kwa majaribio ya miezi sita. Mwishoni afisa wa ustawi angekuja kuona kama wamezoeana, ndipo aamue kama binti anabaki.

Shangazi alijituma, jamani. Alimbeba mgongoni mtoto mkubwa miguu inaning'inia. Alimsuka, alilala naye kitanda kimoja. Binti akianguka, anainuka bila neno, anapangusa damu kwa gauni. Akikumbatiwa, anatulia kama mzigo ulioachwa kaunta. Lakini msoma mita akibisha hodi, binti huyo mapajani: "Mama!" Muuza mkaa: "Mama!" Mimi na ndevu zangu: "Mama!"

"Ana upendo mno," shangazi akasema.

"Shangazi, huyu hata nguzo ya umeme ataiita mama."

"Funga domo, nusu diploma wewe."

Siku yenyewe afisa hakuuliza mengi. Alimwambia shangazi atoke nje dakika kumi, kisha arudi.

"Nione atakavyokulilia, na atakavyokupokea."

Tulisimama uani, mimi na yeye, karibu na kamba ya nguo. Shangazi alitega sikio mlangoni, akinong'ona. "Lia, mwanangu. Kidogo tu."

Ndani, kimya. Kazi nzuri kabisa.

Tuliporudi, binti alikuwa mapajani kwa afisa, viatu mkononi. Hakugeuka.

"Twende?" alimuuliza afisa.

Shangazi akapiga magoti, akanyoosha mikono. "Njoo kwa mama." Binti, mtiifu, akaja, akasimama ndani ya mikono ile, akitazama dari.

"Hakujui, mama," afisa akasema, akiandika. "Nitamrudisha kituoni."

"Nani atamlea huko?"

"Usihofu. Kuna mlezi uliyemfundisha mwenyewe. Wageni wanamsifu sana."

Hapo shangazi akaangua kilio, cha kufanya majirani watoke na miko mikononi. Binti akamtazama kwa muda, akaweka kidole mdomoni.

"Sss," akamwambia, vilevile alivyofanyiwa yeye.

Kisha akavaa viatu mwenyewe, akapanda gari la afisa, akajibanza kwa dereva.

"Mama," akamwambia, "twende."