Neno Alilotuachia Ramadhani

Kabla hujasafiri, mwanangu, nikusimulie. Nakumbuka Ijumaa moja kijijini kwetu Kinole, ukungu bado haujaondoka milimani, mama yangu mkubwa, Bi Mwanaidi, alipokuja kunishika mkono nje ya msikiti. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa nilikuwa na kamusi, kijiji kizima kiliniona nusu Mwingereza.

"Twende kwa Maalim," akasema. "Leo mwanangu asaliwe."

Mwanawe, Ramadhani, alikuwa akifanya kazi kiwandani Kihonda. Soko huria lilipoingia, kiwanda kikauzwa, mashine zikanyamaza, vijana wakarudi makwao mikono mitupu. Wakati huohuo maduka ya mjini yalijaa mitumba na redio, na kila aliyependeza alisemekana ana ndugu nje. Ramadhani akapanda basi stendi ya Msamvu. Alimuaga mama yake kwa neno moja la Kiingereza: anakwenda abroad.

Mwanangu, kijijini neno lile lilipokewa kama cheo. Watu wakimwamkia Bi Mwanaidi dukani waliongeza, "Shikamoo mama wa abroad, utatukumbuka?" Naye hucheka, "Marahaba. Ngojeni kontena lije, wambea nyie!"

Kontena halikuja. Hata salamu hazikuja. Miaka ikapita, utani ukaisha, watu wakawa wanampita pale dukani wakitazama chini.

Ndipo siku ile akataka sala ya ghaibu, ile tunayomsalia maiti aliyefia mbali, mwili wake haupo mbele yetu. Alitaka matanga. Alitaka kukaa chini, wanawake wenzake wamzunguke wamlilie.

Maalim Kibwana, imamu wetu, alimkaribisha mkekani.

"Nani kaleta habari ya kifo, dada yangu?"

"Hakuna."

"Mara ya mwisho alikuwa wapi?"

"Abroad."

"Mji gani?"

"Mimi sikusoma, Maalim. Muulize huyu mwenye kamusi."

Wakanigeukia. Nikaeleza nilichokijua. Asili ya neno lile ni upana. Hapo kale Mwingereza akitoka tu mlangoni kwake, akawa uwanjani, husemwa yuko abroad. Habari ikienea kwa watu, nayo iko abroad. Baadaye, walipozoea safari za mbali, wakalitumia zaidi kwa mtu aliye nje ya nchi yake. Anaishi abroad, anasoma abroad, amekwenda abroad. Msemaji halazimiki kutaja ni wapi.

Bi Mwanaidi akauliza, "Kwa hiyo ni popote tu?"

"Popote nje ya nchi, mama."

"Hata chini ya bahari?"

Nikamgeukia Maalim.

Maalim akasema polepole, "Aliyepotea tunamhesabu yu hai mpaka habari yake ije. Siwezi kumzika mtu kwa kudhani. Muombee dua ya aliye hai."

"Nimeomba mpaka ulimi umechoka, Maalim. Basi nipe hata huko kulia."

Maalim alijifuta macho kwa ncha ya kanzu, lakini sala hakuisalisha. Tulipotoka alinishika bega. "Maana ya neno umeieleza vizuri. Ila ukimwona kijana mwingine anaaga kwa neno hilo, usimwache aende. Muulize mji."

Bi Mwanaidi aliishi miaka mingi baada ya hapo, si mfiwa, si mwenye mtoto. Unajua kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mgawaji. Kipande cha Ramadhani, chenye midalasini, mjomba alishindwa kumpa mwingine, maana mwenyewe anahesabiwa yu hai. Hakuna aliyebandua gome hata la mti mmoja. Msitu ukakimeza, na mama yake akiutazama kila asubuhi kutoka barazani kwake. Alipofariki, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe.

Mwanangu, namshukuru Mungu kwa umri na kwa riziki, lakini kwa jambo hili sijapata faraja, wala sitakudanganya kuwa ninayo. Ninachoweza kukupa ni hiki. Ukiondoka, usimwachie mzazi wako neno pana. Taja mji, taja mtaa, taja mtu anayeweza kukubishia hodi. Ukihama, taja upya. Ukiwa mahali pa aibu, hata kama ni gerezani, taja hivyohivyo. Mama huweza kupavumilia pabaya, asichoweza kukivumilia ni pasipojulikana. Usingoje ufanikiwe ndipo useme uko wapi.

Mola akufikishe salama uendako, akulinde na watu wa huko, na usiku wowote utakaolala ugenini, awepo huku nyumbani mtu mmoja anayelijua jina la mahali hapo. Amin.