Kifauongo na Kakakuona

Wenzangu mliokulia Kisarawe enzi zile msitu ukianzia nyuma ya choo, najua hamjasahau kifauongo. Kile kimmea chenye miiba na kiua cha zambarau kama kishada cha uzi: ukikigusa kinafumba majani, kinajifanya maiti. Tulikigusa njia nzima ya shule, tukachelewa, tukachapwa, kesho tukarudia. Mimi peke yangu nilichapwa fimbo za kutosha kujenga uzio.

Bibi, mzaa mama, alitufundisha mchezo: mnachutama mbali kidogo, mnanyamaza mpaka kifunguke chenyewe, atakayetoa sauti ameshindwa. Sikuwahi kushinda. Mdomo wangu ulikuwa redio isiyo na pa kuzimia.

Ndiyo maana siku nilipomkuta kakakuona shambani kwa bibi, amejikunja mpira mzima wa magamba, sikunyamaza. Nilipiga kelele zikasikika Mlandizi. Watu wakaja, nusu ya wilaya. Wazee wakamwekea unga, maji na panga, maana atakachokiendea ndicho kinachotabiri mwaka. Hakwenda popote. Bibi akawasihi waondoke. Huyu na kifauongo tabia yao moja, alisema, mpeni nafasi atafunguka. Kila mtu akataka mwenzake ndiye aondoke. Jua likapanda, vijiti vikamchokonoa. Alasiri bibi akamgusa, kisha akaanza kuondoa vile vyombo, kimoja kimoja.

"Huyu amekufa kweli," akasema.

Sijaona mwingine tena.

Juzi binti yangu alipewa kazi shuleni: alinganishe mnyama mwitu na mmea unaotoa maua. Mimi msomi wa masomo ya jioni nikaona hapa ndipo penyewe. Nikamtoa nyumbani kwetu Misugusugu hadi lilipokuwa shamba la bibi. Msitu hakuna, ni viwanja na mawe ya mipaka. Tukapata kifauongo kimoja, kando ya jiwe. Akakigusa, kikafumba, akakipiga picha.

"Baba, twende. Kinavyofunguka nitaona kwenye simu."

Nilitaka kumsema, watoto wa siku hizi hawana subira. Nikamkumbuka aliyepiga kelele siku ile. Enzi zetu tulikuwa nao wote wawili, kakakuona na kifauongo, tukashindwa kukaa kimya nusu saa. Yeye ameachiwa kimmea kimoja, na kiwanja kina mwenyewe.

Akatangulia barabarani. Mimi nikachutama mbali kidogo, nikanyamaza. Majani yakafunguka taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani nilishinda, na hapakuwa na wa kushindana naye.