Mkate wa Baba Mkwe

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipoletewa mkate wa kwanza na baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeolewa Isongole miezi mitatu tu. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kwenda Tukuyu mjini kuuza viazi, na jioni ile alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Hakunipa mkononi. Alikitundika kwenye msumari wa nguzo ya jikoni, akakohoa mara moja ili nijue, kisha akaenda kuketi kwenye benchi lake ng'ambo ya uwanja, akanipa mgongo. Nilipofungua gazeti nikakuta mkate mzima, bado laini. Nilifurahi kwamba mzee ananipenda, na papo hapo nikaogopa.

Nina ugonjwa ambao daktari aliuita siliaki. Mwili wangu haupatani na gluteni, kile kitu kinachoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kimo pia kwenye shayiri na nafaka ya kizungu iitwayo rai. Kwa mtu mwingine hicho ni chakula kizuri tu, wala sikutishi wewe usiye na tatizo. Kwangu mimi utumbo unachubuka, chakula kinapita bila kuuachia mwili kitu, na damu inapungua. Nikiwa binti kwetu Kisondela nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikaombewa kanisani, wala sikunenepa. Mwishowe kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam akanichukua. Huko wakaniingiza mpira wenye taa tumboni, wakakata kinyama kidogo wakakipima. Daktari akasema dawa ya kumeza hakuna, dawa ni kuacha ngano maisha yangu yote.

Nikaacha, tena bila taabu, maana Kisondela chakula ni ndizi. Maandazi na chapati vilikuwa mambo ya sikukuu. Mwaka haukuisha nikawa na mashavu, na aliyekuwa na macho akaniona, nikaposwa.

Kosa langu lilianzia hapo. Shangazi yangu aliniita pembeni siku mbili kabla ya harusi akaniambia, "Tusekile, mambo ya tumbo lako yaache hapa hapa. Ukiyapeleka ukweni watasema wametoa ng'ombe wazima wakapewa mgonjwa." Nami nikamsikiliza. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo niliujua tangu shule ya msingi. Lakini kuujua msemo si kuufuata. Mume wangu Asajile nilimweleza, sikuweza kumficha. Ila nilimwapisha asimwambie baba yake.

Vijana wa siku hizi mnakaa sebuleni na wakwe zenu mnatazama runinga pamoja, mnagombania rimoti. Sisi haikuwa hivyo. Kwa Wanyakyusa wa nyumba kama ile, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapiti alipokaa. Tukikutana njiani mimi naingia kando kwenye majani najifunika kanga, yeye anakohoa na kupita. Neno lake kwangu lilipitia kwa mtu, na langu kwake vivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Asajile alikuwa mwalimu Kyimo, akirudi nyumbani Jumamosi. Kwa hiyo wiki nzima tulikuwa watu wawili kwenye boma moja, tunapendana kama baba na mwana, na hatuna mdomo.

Mikate ile ya mwanzo niliipeleka kwa jirani yangu, Mama Lusajo, mwenye watoto wengi. Nikaona nimepata akili. Baada ya wiki chache mzee akakutana na watoto wale njiani, kila mmoja na kipande chake. Hakuniuliza, angeniulizaje? Lakini jioni Mama Lusajo alinijia na uso umemshuka. Mzee alikuwa amepita kwake akamwambia, "Labda mkamwana wangu ananiogopa. Labda anadhani nimeweka kitu."

Unaelewa maana yake, mwanangu? Kwetu kula pamoja ndiyo kuishi pamoja. Ukikataa chakula cha mtu bila sababu, umemwambia ni mchawi, hata kama hukufungua kinywa. Na huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyewazika nusu ya watu wa pale kwa sala zake. Niliona aibu iliyonikosesha usingizi. Nikasema moyoni, bora tumbo liniume mimi kuliko mzee wa watu avunjike moyo.

Alhamisi iliyofuata niliketi mlangoni mwa jikoni, mahali anapoweza kuona kwa pembe ya jicho, nikala vipande vitatu kwa chai ya maziwa. Mzee hakugeuka, ila mgongo wake ulinyooka, na baada ya muda nikamsikia anaimba wimbo wa kanisa polepole. Usiku tumbo lilinikata, nikavumilia. Ugonjwa huu una ujanja. Hauangushi mtu siku hiyo hiyo, unakula taratibu, na kwa sababu hiyo mtu anajidanganya kwamba si kitu. Nikaendelea hivyo kila Alhamisi.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Mzee alilia, tulimsikia kutoka nyumbani kwake. Kisha akamwambia Asajile kwamba mkamwana ni dhaifu, hana damu, alishwe vizuri. Ikawa mikate miwili badala ya mmoja. Asajile aliniomba ruhusa aseme. Nilimkatalia. Nilimwambia, "Ukimwambia sasa atajiona yeye ndiye aliyesababisha." Niliona namwonea mzee huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda mimi, na leo ninalisema wazi kwa kuwa sina tena wa kumwogopa.

Nilipata mimba ya pili. Ilipofika mwezi wa sita miguu ilivimba, nikawa napumua juu juu. Asubuhi moja nilikuwa nachimba viazi, jembe likanishinda, nikaanguka kwenye tuta. Mama Lusajo ndiye aliyeniona. Walinibeba hadi barabarani tukapata gari la mizigo, na nilipofumbua macho nilikuwa kitandani hospitalini, natundikiwa damu.

Daktari alikuwa binti mdogo, mgeni wa mkoa wetu, mwenye maneno machache. Asajile alipofika kutoka Kyimo, vumbi la chaki bado mikononi, daktari akamuuliza kama nina ugonjwa wa zamani. Asajile akanitazama. Nilitikisa kichwa kumkataza, hakunisikiliza. Akageuka akamwambia, "Hatakiwi kula ngano kabisa. Anakula mkate kila wiki kwa ajili ya baba."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko mkate.

Kila mwanamke mle wodini alijua miiko, na walidhani ataondoka. Mzee akaingia. Alipita kitanda changu akasimama dirishani, mgongo kwangu, akasema na mimi kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mkamwana, leo nasema na wewe mwenyewe. Wazee wakinidai ng'ombe kwa kuvunja mwiko, nitatoa. Mjukuu wa kwanza alipopotea nilisema Kyala, Mungu wetu, ametwaa. Sasa sijui tena aliyetwaa ni nani. Ulishindwa kunipa neno moja, ukanipa mzigo huu niubebe uzeeni. Ukasema unaniheshimu. Binti yangu, hiyo siyo heshima. Kuniheshimu ni kuamini kwamba nikiambiwa nitasikia."

Nilimwambia, "Nisamehe, baba."

"Msamaha umeupata. Nataka uniambie unakula nini."

Nikamtajia huku nalia. Ndizi. Viazi. Ugali wa mahindi, uji wa ulezi, wali, magimbi, mihogo, maharage, maziwa, nyama, parachichi. Kila nilichotaja alikirudia kwa sauti, kama mwanafunzi wa kipaimara anayeogopa kusahau. Alipomaliza akasema, "Mbona ni vyote nilivyo navyo shambani, nami nilikuwa nakwenda mjini kununua." Mkate ule alimpa mgonjwa wa kitanda cha pili, akatoka.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama paka, lakini akashika uhai. Ni msichana, na leo ana watoto wake. Kuhusu yule wa kwanza nilimuuliza daktari waziwazi kama ni mkate. Alisema hawezi kujua, huenda. Hilo "huenda" nimelala nalo na kuamka nalo mpaka leo. Majuto ni mjukuu, mwanangu, ila yangu ni mwana, na sijui hata sura yake.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Yeye mwenyewe alikwenda kwa mwenye mashine akamwambia mahindi yetu yasisagwe nyuma ya ngano ya mtu, mpaka watu wa mashineni wakamchoka. Kwenye misiba, kabla chai na maandazi havijagawiwa, alisimama akasema, "Mkamwana wangu hali ngano. Mwenye swali aniulize mimi." Wapo waliosema ni madeko. Mchungaji naye aliambiwa, na tangu hapo kwenye meza ya Bwana napokea kikombe tu bila mkate, na sijaona kwamba Mungu amenipunguzia kitu.

Sasa nisikilize. Kama wewe ndiye uliyeambiwa na daktari uache ngano, sema mapema, kabla hujaposwa, kabla hujahamia kwa watu, kabla sahani haijafika mbele yako. Usimwambie mtu mmoja ukamfunga mdomo. Ukialikwa, beba ndizi zako zilizochemshwa na uketi na wenzako ule pamoja nao, maana kinachotuunganisha ni kukaa pamoja, si kula kitu kimoja. Uliza mafuta ya chipsi yamekaanga nini kabla ya viazi vyako. Uliza unga wa lishe umechanganywa nini. Kuuliza si ujinga. Na wala usionje kidogo ili kumfurahisha mtu, hata awe mkwe, hata awe askofu. Anayekupenda hatafurahi akijua alichokulisha, na siku moja atajua.

Nawe mwenye nyumba, mgeni akisita mbele ya chakula chako usikimbilie kununa. Muulize anakula nini kabla hujamuuliza kwa nini hali. Wewe mzee mwenzangu, miiko yetu ni mizuri na mimi bado naipenda, lakini iachie upenyo neno la uhai lipite. Mimi wakwe zangu, wenzi wa wanangu, nimewakalisha wote siku ya kwanza nikawaambia, mwenye tumbo lisilokubali kitu aseme hapa, hakuna ng'ombe atakayerudishwa.

Nenda salama, mwanangu. Kyala aubariki mwili wako na shamba linaloulisha. Akujalie kinywa kinachosema kabla ya kula, na watu wanaosikia kabla ya kukasirika. Na kama kuna neno umemficha anayekupenda, akupe nguvu ulitoe leo, yeye akiwa bado hana cha kujilaumu.