Faini Iliyopunguzwa Bei

Ijumaa moja, chumbani kwetu Industrial Area, huku Uarabuni, meseji iliingia kwenye simu ya jamaa wa kitanda cha juu yangu, mlinzi kutoka Mombasa. Bataka yake, yaani kitambulisho cha ukaaji, eti imefungwa kwa faini ya riali elfu moja. Apige namba ile upesi, la sivyo hatasafiri.

Na Jumatatu alikuwa anasafiri kwenda kwao kuoa.

Sikumcheka. Karatasi zetu wenyewe hatukuzijua. Pasi zilikaa kwa kampuni, bataka alishughulikia mandubu, mtu wao wa kuzunguka ofisi za serikali. Ukiambiwa yako ina kasoro, utabisha kwa ushahidi gani? Mwenzangu ameshatoa kadi ya benki, anaazima miwani yangu asome tarakimu.

"Piga, ila niongee mimi," nikamwambia.

Aliyepokea alifoka kama afande. Kwa Kiarabu changu cha sokoni nikasema elfu moja nyingi, chukua mia tatu. Akasema sheria ni sheria. Kisha akasema mia saba. Nikanyamaza, kama ninavyomnyamazia muuza mazulia.

"Haya, mia nne. Lakini nisomee kadi sasa hivi."

Nikakata simu.

"We mzee una wazimu!" mwenzangu akaruka. "Mtu ashashuka hadi mia nne, wewe wakata? Harusi yangu hii!"

"Bwana harusi, serikali gani inapunguza faini kwa kubembelezwa?"

"Labda amekuonea huruma."

"Mimi? Hata wauza mboga wa soko la Abu Hamour hawajawahi."

Hakucheka. Simu iliita tena mara tatu, na kila ikiita aliniangalia kana kwamba mwizi ni mimi. Nilimsihi asubiri mandubu afungue ofisi.

Jumamosi mandubu akatazama kwenye kompyuta: bataka hai, faini hakuna. Mwenzangu alirudi na vikombe viwili vya karak, chai ya maziwa, kimoja akanisukumia.

"Lakini ungemkazia," akasema, "angefika mia mbili."

Jumanne ikaja meseji kutoka namba nisiyoijua: nimefika salama. Sikuijibu. Nilipiga namba ya kwao, aliyoniandikia kwa mkono wake kabla hajaondoka. Mama yake akaniambia nisubiri, bwana harusi yuko kwa kinyozi.